Sifa na Deheni: Kumalizia na Kukarabati Mashua katika Historia ya Lugha ya Pwani

Historia ya vyombo vya baharini vya Waswahili imeandikwa zaidi kwa kutazama umbo: urefu wa mkuku, mchongo wa hanamu, namna ya tanga. Kazi ya kumalizia, yaani kuziba, kupaka na kuremba, imewekwa kando kana kwamba ni suala la urembo tu. Msamiati wa kazi hiyo unatoa ushahidi mwingine.

Mashua ya Lamu ilipochakaa, ilisubiriwa bamvua ili maji makuu yaifikishe juu ya ufuo. Maji yalipokupwa, chombo kiliegemezwa, viumbe vilivyokigandama vikakwanguliwa, na tumbo lake likababuliwa kwa moto wa makuti makavu ili kuua wadudu watobao mbao. Ndipo ilipofuata kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta ilishindiliwa kati ya mbao kwa patasi na nyundo. Sehemu izamayo majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Nakshi na macho ya omo vilikuja mwisho. Kwa hiyo kila hatua ya urembo ilisimama juu ya hatua ya hifadhi.

Maneno haya yana historia zake. Deheni na shahamu ni ya asili ya Kiarabu: la kwanza linatokana na mzizi wenye maana ya kupaka mafuta, la pili na jina la mafuta ya mnyama. Kalafati lina jamaa zake katika Kiarabu, Kireno na lugha nyingine za Mediterania. Rangi ni neno la Kiajemi. Lakini kupwa na kujaa, yaani saa ya kazi yenyewe, ni maneno ya Kibantu. Majina ya vifaa yalisafiri na biashara. Ujuzi wa maji ulikuwa wa wenyeji. Fundi aliyesimama ufuoni aliviunganisha viwili hivyo katika siku moja ya kazi.

Neno sifa linastahili kuangaliwa peke yake. Msemaji wa leo asikiapo kwamba chombo kimepakwa sifa, huenda akadhani kimetungiwa maneno mazuri. Hayo ni maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu. Mafuta yanapoacha kutumika, maana ya pili hubaki kamusini bila mtu wa kuitamka, na hatimaye humezwa na ile ya kwanza.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, ulitoweka katika karne ya 20. James Hornell aliuandikia makala mwaka 1941, na A. H. J. Prins akauchunguza utamaduni wa bahari wa Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1965. Maelezo, picha na sanamu ndogo za mtepe zimebaki, na umbo lake laweza kupimwa. Lakini uzito wa deheni mkononi mwa fundi hauonekani katika picha.

Rangi ya dukani imechukua nafasi kubwa ya mafuta ya zamani, na fundi anayeitumia hana kosa: hupakwa upesi na hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, rangi haishiki vyema juu ya mbao iliyokunywa mafuta kwa miaka mingi. Hubanduka, maji ya mvua yakapenya, na uozo ukaanza chini ya uso unaong'aa. Anayekarabati mashua kongwe kwa kutazama rangi peke yake huhifadhi sura na kupoteza chombo.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba zake za mawe zinajulikana. Urithi wa ufuoni haujengwi kwa mawe. Umo katika mikono na vinywa vya mafundi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilihifadhi neno deheni pamoja na maana yake. Kazi iliyobaki ni kulirudishia neno hilo matendo yake: kiasi cha chokaa, dalili ya kuwa shahamu imeiva, wakati wa kupaka. Mwanaleksikografia hana budi kuwapo ufuoni deheni inapochanganywa, kabla maji hayajajaa.