Besi kubwa ya kwaya: namna ya kuisikilizisha kwenye bafle kwa pesa kidogo

Katika makanisa mengi ya mashariki mwa Kongo, besi ya kwaya ni chombo cha kutengenezwa kwa mikono: boksi kubwa la mbao, shingo ndefu, na kamba za waya wa breki ya baiskeli ao nailoni ya wavuvi. Ndani ya chumba kidogo inasikika vizuri. Lakini siku kwaya inapata ampli na bafle, watu wanasikia waimbaji na gitari solo tu. Besi inapotea. Viongozi wanachangisha pesa tena ju ya ampli kubwa zaidi, na bado besi haisikiki.

Mara nyingi kosa haliko kwenye ampli. Liko mahali sauti inachukuliwa. Hii makala inaeleza sababu, na namna ya kurekebisha na fundi wa radio wa mtaani, iwe Uvira, Kiliba, Baraka ao kijiji cha pembeni ya ziwa.

Chombo chenyewe

Besi ya boksi inayopigwa kwa kusimama ni ndugu wa kontrebasi. Kontrebasi ina kamba ine: mi, la, re na sol. Kamba ya mi inatetemeka mara 41 kwa sekunde, la mara 55, re mara 73 na sol mara 98. Sauti za chini namna hiyo zinahitaji boksi kubwa na kamba ya urefu wa karibu metre moja.

Miaka ya 1950, orkestra za rumba za Léopoldville, sawa African Jazz na OK Jazz, zilitumia kontrebasi. Gitari besi ya umeme, ile Leo Fender alianza kuuza Marekani mwaka 1951, ilikuja kuchukua nafasi yake. Sababu moja ni kwamba ilikuwa rahisi kuingiza kwenye ampli na rahisi kubeba.

Lakini kontrebasi haikufa. Zanzibar, vikundi vya taarab ya zamani bado vinaipiga. Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilianza na vyombo vichache sana. Kamba zikikatika, wanamuziki waliweka waya wa breki ya baiskeli. Albert Matubanza wa orkestra hiyo anaonekana katika filamu Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 akitengeneza kontrebasi kwa mikono yake.

Njia tatu za kuchukua sauti

Ya kwanza ni sumaku. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoongozwa na Mawangu Mingiedi, liliingiza likembe kwenye ampli kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari na waya wa shaba uliozungushwa. Njia hii inafanya kazi kama kamba ni chuma. Kwa hiyo besi ya waya wa breki inaweza kutumia sumaku, lakini besi ya nailoni haiwezi. Waya wa shaba uwe mwembamba sana, unaotolewa kwenye transfo ndogo ya zamani, na uzungushwe mara maelfu.

Ya pili ni mikro ya kawaida ya waimbaji. Wapiga jazz wamefanya hivi tangu zamani: mikro inazungushiwa sponji, kisha inabanwa karibu na daraja, kile kibao kinachobeba kamba. Kwenye besi ya boksi inaweza kukaa mbele ya tundu. Mikro ikiwa karibu sana na mbao, sauti za chini zinaongezeka. Kama kwaya iko na mikro ya ziada, hii njia haihitaji kununua chochote. Ubaya wake ni kwamba inachukua pia ngoma na waimbaji, na inapiga mluzi haraka.

Ya tatu ni piezo, kile kisahani cha shaba kinacholia ndani ya saa ya mezani ao vitu vya kuchezea vya watoto. Kikitetemeshwa kinatoa umeme kidogo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliligundua hilo mwaka 1880. Kinafaa kamba za aina zote. Kinabanwa chini ya mguu wa daraja ao kinabandikwa pembeni yake. Jaribu sehemu kadhaa kabla ya kuweka gundi, maana kusogeza kidogo tu kunabadilisha sauti.

Kwa nini piezo inalia sawa bati

Hapa ndipo kwaya nyingi zinakata tamaa. Wanaunganisha piezo moja kwa moja kwenye mixer ao radio ya gari, na besi inatoka nyembamba, sawa mtu anagonga bati. Wanasema piezo ni mbaya. Hapana.

Piezo inatoa umeme dhaifu sana. Mlango wa mixer mara nyingi uko na rezistansi ya karibu ohm 10,000, na hiyo ni ndogo mno kwake. Kisahani cha kawaida cha milimetre 27 kikikutana na mlango huo, sauti zote chini ya karibu mitetemo 800 zinaanza kupungua. Besi inaanzia 41! Kiini chote cha sauti kinaishia mlangoni. Mlango ukiwa wa ohm milioni moja, kupungua kunaanza chini ya mitetemo 10, na besi inapita nzima.

Dawa ni kisanduku kidogo kati ya piezo na ampli. Fundi anahitaji transista moja ya aina ya FET, sawa 2N5457, na batri ya volti 9. Mguu wa geti unapokea piezo, na rezistansi ya ohm milioni 4.7 inatoka hapo kwenda masa. Mguu wa dreni unaenda kwenye plus. Mguu wa sosi unaenda masa kupitia rezistansi ya ohm 4,700, na sauti inatokea hapo kupitia kondansateri ya mikrofaradi 10. Kisanduku kikae karibu na besi na kiwe cha chuma kilichounganishwa na masa, la sivyo kitaleta mngurumo.

Kama ampli iko na mlango wa gitari, jaribu huo kwanza. Kawaida umetengenezwa kwa kazi hiyo.

Ampli, bafle na mluzi

Kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Sikio linasikia tofauti ndogo tu. Mahali bafle inawekwa panasaidia zaidi. Bafle ya inchi 12 ao 15 ikiwa chini, karibu na ukuta, inatoa besi nyingi kuliko ikiwa juu ya meza katikati ya kiwanja. Usifungue kitufe cha besi mpaka mwisho. Hicho ndicho kinachochoma bafle.

Mluzi ukianza, weka bafle mbele ya mpigaji, isielekee chombo. Kisha ziba tundu la boksi kwa kitambaa ao sponji.

Umeme usiue mtu

Kamba za chuma na mikro vinashikwa kwa mikono, mara nyingine yenye jasho ao mvua. Ampli inayochoma kidogo ukiigusa isitumike mpaka fundi aitengeneze. Mahali umeme unakatika-katika, ampli ya gari ya volti 12 ni salama zaidi na inafanya kazi kwa batri ya sola. Ikikula ampea 4, masaa matatu ya ibada yanamaliza ampea-saa 12. Batri ya 50 inaweza kuzitoa bila kushuka chini ya nusu, na hiyo inaongeza maisha yake. Weka fyuzi karibu na batri.

Pesa ianzie wapi

Anza na mikro mliyo nayo, ikizungushiwa sponji. Isipotosha, tafuteni piezo na kisanduku chake. Kisha badilisheni mahali pa bafle. Ampli mpya iwe ya mwisho. Kwaya inayofuata huo mpango inaweza kugundua kwamba ile ampli ya zamani ilikuwa inatosha.