Gari la Milango Miwili Katika Nchi ya Vumbi

Historia ya magari ya Kijapani ya mbio nchini Kenya inaanza na kushindwa. Mwaka 1963 kampuni ya Nissan ilileta magari yake kwenye Safari Rally kwa mara ya kwanza. Magari 84 yalianza mashindano, saba tu yakamaliza, na ya Nissan hayakuwa miongoni mwa hayo saba. Ungewaambia watazamaji wa siku ile kwamba miaka sitini baadaye vijana wa Vasha wangekuwa wanalala chini ya magari ya Mjapani Jumapili nzima, wakiyabembeleza yawake, wangekucheka.

Mimi ni mmoja wa vijana hao. Nina Toyota Celica ya mwaka 1995, nyekundu iliyopauka kwa jua, injini ya lita mbili, milango miwili. Wazungu huliita gari la namna hii coupe. Neno hilo ukiliandika kwa tahajia yetu linakuwa kupe, na huku kwa wafugaji hakuna asiyemjua kupe: mdudu akishang'ang'ania, damu yako ndiyo chakula chake. Binamu yangu anasema jina limefaa kabisa. Kila mwisho wa mwezi ananiuliza, "Si uuze hiyo kupe ununue Probox? Probox inabeba magunia, inalipa karo." Swali lake ni la haki, maana karo anayosema ni ya mdogo wangu na pesa za spea zinatoka mfuko uleule. Nimejaribu kumjibu kwa mdomo nikashindwa. Hapa najaribu kwa maandishi, na jibu limenilazimu kurudi nyuma sana.

Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zilezile walizotumia watu kwenda sokoni, na kwa muda mrefu ilikuwa mchezo wa walowezi na marafiki zao. Kisha mwaka 1965 akashinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanza maisha kwa kushika spana katika gereji ya baba yake. Mwelekezi wake alikuwa ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ambalo timu ya Volvo ilikuwa imeshalitumia kwenye mbio kabla hajalipata yeye. Kwa lugha ya mtaa, lilikuwa mtumba. Singh alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, na watu wakamwita Simba.

Nimeanza na Singh kwa sababu watu hukumbuka kilemba chake na ushujaa wake, wakasahau kwamba alikuwa fundi. Safari ya wakati huo ilikuwa maelfu ya kilomita kwa siku chache za Pasaka, mara matope ya kufika magotini, mara vumbi la kuziba macho. Dereva mwepesi asiyelijua gari lake aliachwa porini. Aliyejua kusikiliza injini alirudi nyumbani.

Nissan nao walikuja kujifunza. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakaangalia kilichovunjika, wakakitengeneza upya. Mwaka 1969 Wajapani wakatoa filamu nzima kuhusu mbio hizi, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara. Mwaka 1970 Datsun 1600 SSS ikashinda, dereva akiwa Edgar Herrmann na mwelekezi Hans Schüller. Mwaka uliofuata wawili hao wakarudi na gari la sura nyingine kabisa: Datsun 240Z, milango miwili, bonati ndefu, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ni gari lililoonekana limeundwa kwa ajili ya lami laini ya ng'ambo. Likashinda. Na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, iliyoendeshwa na kijana aitwaye Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini kuondoka, na familia yake ikahamia Kenya. Mwaka 1973, msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari, alishinda Safari akiwa na 240Z. Yeye na Harry Källström, aliyekuwa pia kwenye Datsun, walimaliza sare kwa alama za adhabu, ikabidi kanuni ya kutenganisha sare itumike. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na jumla yake ikafika tano. Mtu aliyefukuzwa kwao akawa jina la kwetu, na gari lililomtambulisha lilikuwa hilo la milango miwili.

Baada ya Datsun ikaja Celica. Mwaka 1984, wakati Audi walikuwa tayari wameiaminisha dunia kwamba mbio za nje ya lami ni za magari yanayosukumwa na magurudumu manne, Toyota walileta Celica yenye turbo iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Timu yao ilikuwa na makao Cologne, Ujerumani, chini ya Ove Andersson, ambaye mwenyewe alishinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot 504. Björn Waldegård akashinda. Mwaka 1985 ikawa zamu ya Juha Kankkunen, na 1986 Waldegård tena. Celica za magurudumu manne zilipokuja ziliendeleza kazi: mwaka 1993 nafasi nne za kwanza zote zilikuwa zao. Mwaka 1994 alishinda Mkenya, Ian Duncan, na 1995 Mjapani, Yoshio Fujimoto. Celica yangu ni ya mwaka huohuo wa 1995, ingawa haina turbo wala magurudumu manne ya kusukuma. Ina ukoo tu.

Sasa angalia picha za magari hayo kwa makini. Usiangalie rangi na matangazo, angalia umbo. Yamesimama juu, tumbo liko mbali na ardhi. Chini ya injini kuna bamba zito la chuma. Mbele kuna vyuma vya kukinga taa dhidi ya mawe na wanyama. Mengine yana bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, ili injini isinywe maji kwenye mito. Gari la spoti la Kijapani liliposhuka Kenya, kitu cha kwanza lilichofanyiwa ni kuinuliwa.

Vijana wengi wa umri wangu tumejifunza kurekebisha magari kwa filamu na michezo ya video, na huko somo la kwanza ni kulishusha. Jirani yangu, mzee aliyewahi kufanya kazi na mafundi wa timu za mbio miaka ya themanini, alilizunguka gari langu siku nililolileta nyumbani. Mwenye gari wa awali alikuwa amekata springi, na bampa ilikuwa inakwaruza kila tuta la hapa Karagita.

"Kijana wangu," akasema, "ni nani alilikalisha hivi?"

Nikamwambia ndiyo staili.

"Staili ya wapi? Sisi tulikuwa tunayapandisha ndiyo yarudi."

Mwezi huo nilitafuta springi nzima. Sikuweka zile spesa nene ambazo gereji nyingi husukumia juu ya shoki ili gari lionekane refu, kwa sababu kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ukizidisha urefu ekseli zinakaa kwa pembe mbaya, mpira unaofunika jointi unapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia. Baada ya hapo ni ile sauti ya tak-tak-tak kila ukikata kona, na pesa.

Naivasha yenyewe ni mwalimu mkali. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu chake, kwa sababu kila inapovuta pumzi inapata oksijeni kidogo. Huwezi kuirudisha nguvu hiyo kwa kubadilisha ekzosi, utapata kelele. Vumbi letu limetokana na majivu ya volkeno, laini kama unga wa chapati. Kila mtu alinishauri nitoe boksi la chujio la hewa niweke lile chujio la wazi linalovuma kama nyuki. Nimeliacha boksi la kiwandani. Lenyewe linavuta hewa baridi na kuzuia unga, na mimi nafungua chujio kila mwisho wa wiki wakati wa kiangazi. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi, kwa hivyo hayaingii kwenye redieta, kulanti tu. Ukipuuza hilo utalijua siku unapopanda kutoka Mai Mahiu, kwenye ile barabara iliyochongwa na wafungwa wa vita Waitaliano, malori mbele yako na mshale wa joto ukikimbilia nyekundu.

Spea ni hadithi yake. Injini ya 3S-FE ni ya watu wa kawaida: ilifungwa pia kwenye RAV4 za kwanza, kwenye Corona na Ipsum. Ndiyo maana pampu ya maji au mshipi wa taimingi naupata bila shida Nakuru, au Nairobi kwenye barabara ya Kirinyaga, ambayo mafundi bado wanaiita Grogan. Taabu ni vitu vya nje. Celica hii ina taa nne za duara ambazo hakuna gari lingine la Toyota linaloweza kukuazima. Kioo kikivunjika, unaanza kupigia watu simu.

Na hapo ndipo jibu langu kwa binamu linapoanza kuwa zito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kila Januari mstari unasogea mwaka mmoja mbele. Kanuni ina sababu zake, na sina ugomvi nayo. Lakini maana yake ni kwamba Celica, Silvia, Levin na Prelude za miaka ya tisini zilizopo nchini ndizo zilizopo. Hazitaletwa nyingine. Moja ikigonga lori, imepungua moja. Moja ikichinjwa, yaani ikafunguliwa na kuuzwa kipande kipande, imepungua moja. Nimeshapigiwa simu mara mbili na watu wanaotaka kuchinja ya kwangu kwa ajili ya taa na milango, na bei waliyotaja ingelipa muhula mzima wa mdogo wangu. Japani, Nissan wameitunza 240Z ya Safari kwenye ghala lao la kumbukumbu huko Zama. Sisi tuliowapa barabara ya kujifunzia, makumbusho yetu yako nyuma ya nyumba za kupanga, yamefunikwa turubai.

Mwaka 2021 ubingwa wa dunia ulirudi Kenya baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawa hapa Naivasha. Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Mwaka 2022 na 2023 Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza, kama 1993. Mji ulijaa, vyumba vikapanda bei, Kedong ikageuka bahari ya watu. Nilifurahi kama wengine. Lakini magari yale hufika yakiwa yamekamilika, yakashindana na kuondoka na wataalamu wake. Yanayobaki tarehe thelathini ni haya yetu, pamoja na wanaojua kuyafungua na kuyafunga.

Ukisoma orodha za Safari utapata dereva, mwelekezi, aina ya gari na muda. Waliolala chini ya gari kando ya barabara usiku wa manane wakibadilisha shoki kwa dakika chache, hawamo. Logibuku ya gari langu iko hivyo pia: inaandika mwenye gari, nambari ya injini, rangi. Haisemi nani alichomelea sakafu iliyokuwa imeoza, wala nani aligundua waya uliokuwa ukimaliza betri.

Kwa hivyo nimenunua daftari. Naandika tarehe, kilometa, kilichoharibika, kilikotoka kipya, na jina la fundi, hata akiwa kijana wa jua kali aliyenisaidia kukaza nati moja. Nimemwomba mzee jirani anieleze ya zamani, na kurasa zake zimeshapita kumi. Karo ya muhula huu imelipwa. Nilifanya ovataimu ya kurekebisha pampu kwenye shamba la maua nikaahirisha matairi mapya. Nimemwambia binamu kwamba siku Celica itakapomnyima mdogo wangu shule, nitaiuza nzima, kwa mtu atakayekubali kuchukua na daftari. Bila daftari, siuzi.