Msamaha wa Kosa Gani?

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wanatakiwa kutibiwa bila malipo katika hospitali zetu za umma hapa Tanzania. Utaratibu huo unaitwa msamaha wa matibabu, na jina hilo linaniuma. Kwa Kiswahili, anayesamehewa ni mkosaji au mdaiwa. Bibi aliyeteremka kutoka Ilboru, akapita Sekei hadi Hospitali ya Mount Meru huku magoti yanamsumbua, amemkosea nani?

Na msamaha hauji wenyewe, lazima uombwe. Bibi anaanza kwa mtendaji wa mtaa kutafuta barua yenye mhuri, kisha anaipeleka dawati la ustawi wa jamii. Pale anaulizwa: una watoto wangapi, wanafanya kazi gani, hawakutumii chochote? Anajibu kwa sauti ya chini kwa sababu foleni nzima iko nyuma yake inasikia. Ofisa anayeuliza anatimiza wajibu wake, na mara nyingi anauliza kwa heshima, shikamoo ikitangulia. Lakini neno msamaha limeshamkalisha kwenye kiti cha kusamehe, na bibi limemsimamisha mahali pa mshtakiwa.

Neno jingine lililoonewa ni kuchangia. Sekei hakuna asiyejua mchango. Kukitokea msiba daftari linapita, jina na kiasi, wengi wanambebea mmoja. Mwaka 1993 serikali ilipoanza kutoza ada hospitalini, wagonjwa waliambiwa wachangie gharama. Tazama nani alikuwa anatoa: mgonjwa mwenyewe, tena siku ambayo hakuuza ndizi wala hakufanya kibarua. Huko kunaitwa kulipa, na kulipa wakati huna.

Hapa ndipo ninapoiunga mkono, kwa moyo wote, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe mwanachama, atoe mchango angali mzima, na fedha za wengi zimtibu anayeumwa leo. Kuchangia kumerudi kuwa kuchangia. Kwa wasio na uwezo, sheria imeweka mfuko wa kuwagharamia, unaotegemea pia sehemu ya kodi za bidhaa kama vinywaji baridi na pombe. Muswada wa kwanza, wa mwaka 2022, ulikwama Bungeni, na swali kubwa lilikuwa hilohilo: maskini atalipiwa na nani? Naona wabunge walifanya vyema kutoupitisha kabla swali halijapata jibu.

Bima yenyewe ilikuwa neno la wachache. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999, ulianza na watumishi wa umma. Kwa wengine ulikuja Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulipoboreshwa kaya ya watu sita ilitakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Hata hivyo, ukiwauliza akina mama wauza mboga kama wana bima, wengi watakujibu kwamba hawajaajiriwa. Ndiyo maana neno zito kuliko yote katika jina la sheria hii ni la mwisho, wote.

Hofu yangu iko kwenye utambuzi wa hao wasio na uwezo. Tumeshaona majina ya kaya maskini yakisomwa kwenye mkutano wa mtaa, majirani wakigeuka kumwangalia mwenye jina. Sheria ikitekelezwa hivyo, msamaha utakuwa umebadilishiwa nguo tu. Naomba kadi ya anayelipiwa na mfuko isitofautiane hata kidogo na ya aliyejilipia: rangi ileile, maandishi yaleyale, bila alama ya pembeni. Swali la dirishani nalo liishie kwenye namba ya uanachama. Nani alilipa, hilo libaki kati ya hospitali na mfuko.