Kwa Urahisi wa Nani?

Mwaka jana Shosho alianza kuamka saa nane usiku akitaka kwenda nyumbani. Tulikuwa nyumbani tayari, hapa Kahawa West, lakini yeye alimaanisha nyumba ya ujana wake, ambayo ilibomolewa kitambo. Alifungua mlango akashika njia. Mara ya tatu aliporudishwa na bawabu wa ploti jirani, tukaanza kufunga mlango wa chumba chake kwa nje. Kisha mtu wa duka la dawa akatuuzia tembe za kumtuliza. Shosho akalala. Sisi pia tukalala, na asubuhi kila mtu akaenda kazini akiwa na nguvu.

Shangazi yangu ni mhudumu katika makao ya wazee huko Marekani, jimbo la Indiana. Nilipomweleza kwenye simu jinsi mambo yalivyotulia, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Hizo dawa mnampa kwa sababu anaumwa," akauliza, "ama ni kwa sababu nyinyi mmechoka?"

Nikamwambia ni kwa usalama wake.

"Huku hiyo jibu haitoshi. Huku ningefutwa kazi."

Nilikasirika. Ni rahisi kuwafunza watu adabu ukiwa Indiana, na Shosho ni mama yako wewe, si wangu. Lakini swali lake lilikataa kunitoka, nikaanza kusoma ili nijue lilitoka wapi. Kumbe lina historia, na historia yenyewe haikuanza na huruma.

Zamani, mzee Mmarekani asiye na pesa wala jamaa aliishia kwenye nyumba ya maskini iliyoendeshwa na serikali ya mtaa. Mwaka 1935 sheria mpya ilianzisha msaada wa pesa kwa wazee, lakini ikawanyima waliokuwa ndani ya nyumba hizo za umma. Nia ilikuwa nyumba hizo zife. Lakini mzee asiyeweza kujipikia hakuacha kuhitaji mtu wa kumpikia. Akachukua pesa yake akaipeleka kwa mtu binafsi mwenye vyumba vya ziada, na biashara ikazaliwa hapo.

Mwaka 1965 zikaja Medicare na Medicaid, na serikali ikaanza kulipa gharama nyingi za matunzo. Pesa zilifika mbio, ukaguzi ukafuata kwa mwendo wa kobe. Januari 1970, makao ya Marietta, Ohio, yalishika moto na wazee zaidi ya 30 wakafa. Mwaka huohuo, huko Baltimore, wazee 25 wa makao mengine walikufa kwa chakula kilichoingia vijidudu. Vifo kama hivyo ndivyo vilivyowaamsha wabunge. Kuanzia 1972 serikali ilijaribu mpango wa kuwa na mtetezi wa wakazi, anayeitwa ombudsmani, na mwaka 1978 kila jimbo likalazimika kuwa naye. Kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya mzee ambaye hawezi kuyatoa nje ya mlango mwenyewe.

Kilichonigusa zaidi ni cha 1985. Shirika la raia, likiongozwa na Elma Holder, liliwafuata wazee zaidi ya 400 wa makao katika miji 15 likawauliza: matunzo mazuri ni yapi? Si madaktari walioulizwa, si wenye makao, wala si watoto wao. Wazee hawakuanza na majengo wala mashine. Walianza na wahudumu: wawe wa kutosha, wawe na roho nzuri. Mwaka uliofuata wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo walitoa ripoti yao ndefu, na tarehe 22 Desemba 1987 Rais Reagan akatia saini sheria.

Sheria hiyo ndiyo iliyomfundisha Shangazi swali lake. Inasema mhudumu apate mafunzo ya saa 75 au zaidi. Mkazi ana haki ya faragha, ya kuchagua daktari, ya kulalamika bila kulipiziwa kisasi, na ya kupewa notisi, kwa kawaida ya siku 30, kabla ya kuhamishwa. Halafu inasema mkazi asifungwe, si kwa mikanda wala kwa dawa, kama adhabu au kwa urahisi wa wafanyakazi. Kabla ya hapo inakadiriwa kwamba karibu wakazi 4 kati ya 10 walifungwa kwenye vitanda na viti, na sababu iliyotolewa mara nyingi ilikuwa ileile yangu: usalama wao.

Nilirudia neno "urahisi" mara kadhaa. Ukatili ni rahisi kuulaani, na kila mtu husema hawezi kuufanya. Urahisi ndio sisi.

Lakini haki ikivunjwa, mzee afanye nini? Jibu moja lilitoka kwa Gorgi Talevski, Mmarekani mzaliwa wa Macedonia, aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau. Mwaka 2016 aliingia makao ya umma hukohuko Indiana. Familia yake ilidai kwamba aliongezewa dawa kali hadi zikafika sita, akashindwa kujilisha, akapoteza Kiingereza akabaki na lugha ya utotoni tu. Daktari wa nje alipoagiza zipunguzwe, walisema, akaanza tena kula mwenyewe. Waliposhtaki, wenye makao wakajibu kwamba sheria ya 1987 haimpi mkazi ruhusa ya kwenda mahakamani. Tarehe 8 Juni 2023, majaji 7 wa Mahakama ya Juu kati ya 9 walisema inampa. Hawakuamua kama madai yenyewe ni kweli. Waliamua kwamba mlango upo. Talevski alikuwa ameshakufa mwaka 2021.

Mlango huo ulijengwa zamani. Familia ilitumia sheria ya 1871, iliyopitishwa kuwalinda Weusi waliotoka utumwani dhidi ya maafisa waliovunja haki zao. Hata hivyo si kila mtu anapita hapo: uamuzi unahusu makao ya umma, na mengi ni ya watu binafsi. Shangazi naye hajifanyi. "Karatasi ya haki iko ukutani," aliniambia, "lakini kuna usiku tuko wawili tu, na kengele zinalia kila upande."

Sisi pia tuna maandishi yetu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Familia imetajwa kwanza. Hakuna mkaguzi atakayebisha hodi Kahawa West kuuliza tunampa Shosho tembe gani, na nani angemwita? Shosho mwenyewe sasa anaongea Kikuyu tu, na mlango tulikuwa tumeufunga kwa nje.

Tulimpeleka kwa daktari. Alizisoma zile tembe, akauliza nani aliziandika, tukatazama sakafu. Alituambia namna ya kuziacha polepole. Komeo la nje tumeling'oa, tukaweka kengele ndogo mlangoni na zamu ya usiku, kila mtu siku zake. Zangu ni Jumanne na Ijumaa, na Jumatano nikiwa kazini nasinzia wazi mbele ya bosi.

Ijumaa iliyopita kengele ililia saa tisa kasoro. Shosho alikuwa amevaa koti na kiatu kimoja. Nikamuuliza tunaenda wapi, akasema nyumbani. Nikamtafutia kiatu cha pili, tukazunguka ua wa ploti mara nne tumeshikana mikono, huku akinieleza ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, kwa majina.