Upepo, saa na maji: Jinsi ya kuisoma siku kabla ya kuingia baharini na ubao wa tanga

WACHEZAJI wa ubao wa tanga, pamoja na wenzao wanaovutwa na tiara juu ya maji, huulizana swali moja kila kunapopambazuka katika fuo za Diani, Watamu, Malindi na Mambrui: Je, leo upepo upo? Swali hilo ni nusu tu ya lile linalopaswa kuulizwa. Upepo huweza kuwapo, tena wa kutosha, na siku yenyewe isifae kabisa kwa mchezo. Hali ya siku huamuliwa na majira, saa, upande utokako upepo na mwendo wa maji.

Ubao wa tanga ulibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1960. S. Newman Darby wa Pennsylvania alichapisha maelezo ya ubao wake mwaka 1965, na mwaka 1968 Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California wakaomba hataza ya ubao wenye mlingoti unaoweza kuinamishwa kila upande. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984 kwa wanaume, na za Barcelona mwaka 1992 kwa wanawake. Ule wa tiara uliingizwa mwaka 2024, mashindano yake yakifanyika Marseille, Ufaransa. Vifaa hivyo ni vigeni kwetu, lakini elimu ya kuvitumia salama ni ile ile ya manahodha wa majahazi na wavuvi wa ngalawa.

Majira

Mwambao wa Kenya hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, hewa ya Asia na Arabuni inaposukumwa kusini. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, hewa ya Bahari Hindi ya kusini inapovutwa na joto la bara Asia.

Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Mtaalamu John Findlater alieleza mwaka 1969 kuhusu mkondo wa upepo mkali unaopita angani juu ya Kenya katika miezi hiyo. Kusi huja na mawimbi makubwa, manyunyu na mwani mwingi ufuoni. Kaskazi ni tulivu zaidi na bahari yake huwa safi.

Baina ya majira hayo mawili, hasa Aprili na Novemba, huwa ni maleleji, upepo ukiwa dhaifu na wa kugeuka-geuka. Mwanafunzi anaweza kujifunza kusawazisha ubao wakati huo, lakini asitegemee upepo umrudishe nyumbani.

Saa na upande

Nchi kavu hupata joto na kupoa upesi kuliko bahari. Usiku upepo wa umande hutoka bara kwenda baharini, na mchana upepo wa bahari huelekea nchi kavu. Ndiyo sababu wakati wa kaskazi mchezo aghalabu huanza karibu na adhuhuri na kunoga kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni.

Wakati wa kusi, upepo wa asubuhi mara nyingi hutokea kusini-magharibi, yaani hutoka bara kwa mshazari, kisha hugeukia kusini-mashariki kadiri jua linavyopanda. Hapa ndipo wageni wanapokosea. Upepo utokao bara huyalaza maji ya karibu na ufuo yakaonekana kama ya kisima, ilhali hatua mia mbele unasukuma kila kielekeacho baharini. Upepo salama kwa anayejifunza ni ule unaopita sambamba na ufuo au unaoelekea ufuoni kwa mshazari, kwa kuwa hata akishindwa hautamsukuma bahari kuu.

Nguvu

Kipimo cha Beaufort, kilichobuniwa mwaka 1805 na afisa wa jeshi la majini la Uingereza, kinaweza kusomwa kwa macho. Povu jeupe likionekana hapa na pale, upepo uko daraja la 3, kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Huo unamtosha anayejifunza. Povu likiwa la mara kwa mara ni daraja la 4, kilomita 20 hadi 28. Bahari ikijaa povu ni daraja la 5, kilomita 29 hadi 38, na hapo ni mahali pa wazoefu.

Ikumbukwe kwamba upepo ukiongeza mwendo maradufu, msukumo wake kwenye tanga huongezeka mara nne. Tanga lililofaa saa tano huenda likawa mzigo usiobebeka saa tisa.

Maji

Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3 wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Maji yakipwa sana, matumbawe hujitokeza na kukata miguu na mbao.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mlango, yaani pengo katika mwamba, ambamo maji yanayopwa hutoka kwa kasi kuelekea bahari kuu. Tazama jioni ya bamvua: maji yanaanza kupwa baada ya saa kumi, upepo unafifia, na muda si mrefu jua linatua. Mchezaji aliye karibu na mlango wakati huo hana upepo wa kumrudisha, ana mkondo wa kumchukua, na giza linaingia. Pepo za alasiri zilizomvutia ndizo zilizomfikisha hapo.

Kabla ya kutweka

Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji, nayo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Visomwe vyote viwili, kisha mchezaji asimame ufuoni kwa robo saa akitazama povu, mawingu na upande zinakolala ngalawa zilizotia nanga. Amwambie mtu aliye nchi kavu saa atakayorudi, avae jaketi la kuokolea maisha, na atoke majini angalau saa moja kabla ya jua kutua. Akizidiwa, asiuache ubao akaogelea. Ubao huelea na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Amwulize pia mvuvi aliyerejea asubuhi. Simu itamweleza mwendo wa upepo, lakini mvuvi atamwonyesha mlango ulipo.