Nani Abebe Hasara ya Gesi? Pennsylvania, Dodoma na Mifereji ya Meru

Novemba 2021 wajumbe wa Serikali ya Tanzania na wa makampuni ya mafuta waliketi Arusha kufufua mazungumzo ya mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, mradi unaokusudiwa kujengwa Likong'o, mkoani Lindi. Gesi yenyewe iko chini ya sakafu ya bahari, mbali sana na Mlima Meru. Hata mtungi unaochemsha chai Sakina au Ngarenaro haukujazwa gesi ya Songo Songo. Ni gesi ya kuagizwa ng'ambo, inashushwa bandarini na kupandishwa huku kwa malori. Arusha ilitoa ukumbi tu. Lakini miteremko ya mlima huu ina desturi ya zamani ya kugawana kitu kinachopita ardhini, na desturi hiyo imejibu swali ambalo mikataba ya gesi huligusa juujuu: siku mambo yakiharibika, nani atabeba hasara?

Na mambo huharibika. Kwa gesi yetu yaliharibikia Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya George Mitchell, huko Texas, ilifanikiwa kutoa gesi kwa faida katika mwambatope, yaani tope la kale lililogandamana likawa jiwe, ambalo gesi imenaswa humohumo ilimozaliwa. Kisima huchimbwa wima, kisha hupindishwa kufuata tabaka la mwamba, halafu maji yenye mchanga na kemikali husukumwa kwa shinikizo kubwa hadi jiwe lipasuke. Baadaye Marekani, iliyokuwa ikijenga bandari za kuagiza gesi, ikawa inazigeuza ziwe za kuuza nje. Februari 2016 meli ya kwanza ya gesi hiyo iliondoka Sabine Pass, Louisiana.

Sisi tulikuwa tumeanza kugundua gesi ya bahari kuu mwaka 2010, na kiasi kilichotangazwa kwa jumla kimefika futi za ujazo trilioni 57. Bei ya gesi kimiminika barani Asia mwaka 2014 ilikuwa ikizunguka dola 15 kwa kipimo cha kawaida cha soko. Katikati ya mwaka 2020 ilishuka karibu na dola 2. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ikapaa kupita dola 50. Mradi wa Likong'o ulipangwa katika bei ya kwanza, ukakwama katika ya pili, ukafufuliwa bei ilipokuwa ikipanda kuelekea ya tatu. Equinor ya Norway, mmoja wa wabia, ilifuta kwenye vitabu vyake Januari 2021 thamani ya dola milioni 982 za mradi wa Tanzania. Miezi mitatu kabla, ripoti ya wakaguzi ilikuwa imeonyesha kwamba kampuni hiyohiyo ilipata hasara ya dola bilioni 21.5 katika shughuli zake za Marekani, sehemu kubwa ikiwa katika mwambatope. Ikiwa kampuni yenye serikali ya Norway nyuma yake iliweza kukosea hesabu kiasi hicho, mkulima na kijiji wana kila sababu ya kuuliza mapema.

Desturi ya kwanza ya kulijibu swali hili ni ya Pennsylvania, jimbo ambalo kisima cha mafuta cha Edwin Drake kilichimbwa mwaka 1859. Kule mwenye shamba anaweza kumiliki mpaka kilichoko chini, na anaweza kuuza kilicho chini akabaki na uso wa ardhi. Mahakama ya jimbo iliamua mwaka 1889 kwamba gesi ni kama mnyama wa porini: ni ya atakayeinasa katika ardhi yake, hata kama ilipita kwa jirani. Sheria hiyo iliwafunza watu haraka. Usipochimba wewe, jirani atachimba. Wakati wa homa ya mwambatope uitwao Marcellus, baada ya 2008, mawakala walienda mlango kwa mlango na mikataba ya kukodi, na mkulima wa ng'ombe wa maziwa aliyeelemewa na madeni alipewa fedha taslimu siku ya kutia sahihi, pamoja na ahadi ya mrabaha usiopungua sehemu moja ya nane.

Siwezi kuidharau desturi hii. Ilimpa mtu wa kawaida kauli mbele ya kampuni, kauli ambayo mkulima wa Mtwara hakuwahi kuipata. Wako waliolipa madeni na kusomesha watoto. Ila mkataba ulimkuta kila mtu peke yake mezani kwake, na bei ya gesi Marekani ilipoanguka chini ya dola 2 Aprili 2012, kila mtu alianguka peke yake. Hundi za mrabaha zilipungua, tena zikaja na makato ya gharama za kusafirisha na kusafisha gesi. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo aliishtaki kampuni ya Chesapeake kwa makato hayo. Juni 2020 kampuni hiyo, iliyokuwa nguzo ya mwambatope, iliomba ulinzi wa kufilisika. Kuhusu visima vilivyotelekezwa tangu enzi za Drake, makadirio yanafika mamia ya maelfu, na vingi havijulikani viko wapi. Faida ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, na mashimo yakarudi kwa wote.

Desturi ya pili ni ya dola, na ndiyo tuliyorithi. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliifanya ardhi isiyo na hati kuwa mali ya Kaisari. Sheria ya ardhi ya Waingereza ya 1923 iliiita ardhi ya umma chini ya Gavana. Uhuru ulipokuja tulibadilisha mshika kalamu: ardhi yote iko mikononi mwa Rais kama mdhamini, na petroli ni mali ya Jamhuri. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya kudumu juu ya rasilimali, na moyo wake unafanana na wa Azimio la Arusha la mwaka 1967: mali ya nchi isitoke mikononi mwa wananchi. Naliunga mkono kusudi hilo. Bila hilo Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ingeweza kuwa ya mtu mwenye shamba na mwanasheria mzuri.

Lakini watu wa Meru wanajua upande wa pili wa desturi hii kuliko wengi. Novemba 1951 familia za Ngare Nanyuki na Leguruki, watu wapatao 3,000, waliondolewa kwa nguvu ili kupisha mashamba ya mifugo ya Wazungu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiuchumi: nchi ilihitaji nyama na maziwa, na wafugaji wa kigeni wangezalisha zaidi. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuyasema hayo. Hoja yake haikukanusha kwamba nchi inahitaji uchumi. Alidai kwamba waliokuwa wakiishi pale waulizwe kwanza, na kwamba hasara ya mpango wa watu wengine isiwaangukie wao.

Madai hayo yalisikika tena Mtwara kuanzia Desemba 2012, watu walipoandamana wakisema gesi haitoki, na kufikia Mei 2013 maandamano yalikuwa yamegeuka machafuko. Bomba la kilomita zaidi ya 500 kwenda Dar es Salaam, lililojengwa kwa mkopo kutoka China, lilizinduliwa mwaka 2015. Kuna aliyesema waandamanaji hawakuelewa uchumi. Mimi naona waliuelewa: walikuwa wameahidiwa viwanda na ajira kwa msingi wa gesi iliyo ardhini kwao, wakaona ahadi inahama kabla haijatimia. Ushuru wa huduma unaofika halmashauri ni sehemu ndogo ya mauzo; mauzo yakishuka, nao unashuka. Mfuko wa Mafuta na Gesi ulioanzishwa kwa sheria ya 2015 umekusudiwa kuituliza bajeti ya taifa mapato yanapoyumba na kuwawekea akiba vizazi vijavyo. Hazina ina mto wa kuegemea. Kijiji hakina.

Hapo ndipo naileta desturi ya tatu, ya mifereji.

Panda kutoka Tengeru au Usa River kuelekea msituni utaikuta: mikondo iliyochimbwa kwa majembe, mingine na mababu wasiokumbukwa tena majina, ikichota maji ya Nduruma, Usa na mito midogo, ikizunguka kingo za vilima hadi kwenye migomba na kahawa. Wameru na Waarusha waliichimba kama Wachaga walivyofanya Kilimanjaro, na kaskazini zaidi magofu ya Engaruka yanaonyesha kwamba kilimo cha namna hii kilikuwa kimestawi karne nyingi kabla ya Mjerumani. Banio hujengwa kwa mawe, matawi na udongo, na mvua kubwa hulisomba. Likisombwa, mbiu hupigwa na watu wanapanda kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Haki ya maji inatokana na kazi hiyo. Asiyekwenda hutozwa faini ya pombe au mbuzi, au hupoteza zamu yake. Wazee wa ukoo au kamati ya mfereji hupanga nani ananyweshea lini, asubuhi au jioni, siku ipi.

Kinachonivutia zaidi ni kanuni ya kiangazi. Maji yanapopungua, zamu hufupishwa, na mazao ya chakula pamoja na matumizi ya nyumbani hutangulia. Kila mtu alishajua hivyo tangu maji yalipokuwa mengi. Hakuna anayeanza kuijadili kanuni mto ukiwa umekauka, maana wakati huo mwenye nguvu ndiye angeshinda. Upungufu umegawanywa kabla haujafika. Pennsylvania iligawa faida, ikaacha upungufu ujigawe wenyewe. Dodoma imeandika sheria nyingi za mapato, na ya upungufu imeiandikia Hazina peke yake.

Wapo watakaosema ninaipamba desturi ya kwetu. Basi niseme kasoro zake. Wanawake, ambao ndio wabeba ndoo, kwa muda mrefu hawakuwa na kauli katika vikao vya mifereji. Wa bondeni hunyimwa na wa juu, na ugomvi wa mabanio unaishia polisi hadi leo. Batemi wa Sonjo, majirani zetu wa kaskazini, waliikabidhi mamlaka ya maji kwa wazee wa kurithi waitwao wenamiji, na asiye wa jamaa hizo alipata maji baada yao au kwa kulipa. Tena mfereji ni mdogo: watu wanajuana, na hakuna soko la Tokyo linaloamua kina cha maji. Gesi ni mtaji wa mabilioni unaohitaji dola. Sipendekezi kamati ya wazee isimamie kiwanda cha Likong'o. Napendekeza kanuni mbili zivuke: haki iende pamoja na wajibu wa kukarabati, na mgao wa siku mbaya uandikwe katika siku nzuri.

Hata Wamarekani walisogea upande huo kidogo. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2012 ilianza kutoza ada kwa kila kisima cha mwambatope, na sehemu ya fedha hiyo huenda kwenye kaunti na miji yenye visima. Kiwango hubadilika kwa bei na umri wa kisima, lakini kisima kilichochimbwa kinaendelea kudaiwa kwa miaka kadhaa, hundi ya mrabaha iwe nono au nyembamba.

Mlima Meru wenyewe hauna mwambatope wa kupasua. Ni volkano, na mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Ila mkoa wa Arusha hauko nje ya habari hii. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, linatafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, ambalo sehemu yake iko kwetu. Hapa nina wasiwasi na maji kuliko bei. Kisima kimoja cha kupasua mwambatope hutumia mamilioni ya lita za maji, na hata uchimbaji wa kawaida, usio wa kupasua, hupita katika matabaka ya maji ya watu. Watu wa Meru hawahitaji kuelezwa maana ya maji yanayobeba kilichomo kwenye mwamba: floridi ya volkano, bila mtu yeyote kuchimba mafuta, imewapa watoto wa Ngare Nanyuki meno ya kahawia na kuwapinda wengine mifupa.

Katika kijiji cha Dimock, Pennsylvania, kisima cha maji cha mkazi kililipuka siku ya kwanza ya mwaka 2009, na gesi ikakutwa katika maji ya majirani. Mabishano kama gesi hiyo ilikuwepo tangu zamani au ililetwa na uchimbaji yalidumu miaka, kwa sehemu kwa sababu vipimo vya kabla havikutosha. Kampuni husika ilikubali mahakamani Novemba 2022 kulipia bomba jipya la maji ya umma. Miaka karibu 14 ilikuwa imepita.

Huko Eyasi, upande wa Karatu, wakulima wa Mang'ola wanalima vitunguu kwa mifereji inayotoka kwenye chemchemi, katika nchi kame ambayo bila chemchemi hizo isingewalisha. Katika Bonde la Yaeda, jirani na hapo, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, hati inayolinda uso wa ardhi tu. Kabla mtambo wa kuchimba haujafika, maji ya chemchemi na visima vya maeneo hayo yapimwe kijiji kwa kijiji, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Fedha ya kufunga visima iwekwe benki siku ya kupewa leseni, isingoje siku kampuni inapofilisika. Na mkataba utaje, kwa tarakimu, halmashauri na vijiji vitapata nini bei ikiwa dola 15, ikiwa 5, na ikiwa 2.