Redio zikizimwa, uvumi huchukua nafasi: fahamu haki yako ya kupata habari

Kama uko kambini na unafikiria kurudi Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, unahitaji habari za kweli, tena kutoka chombo zaidi ya kimoja. Kwa hiyo sheria ya vyombo vya habari inakuhusu hata kama wewe si mwandishi.

Nani anasimamia vyombo vya habari Burundi?
Ni Baraza la Taifa la Mawasiliano (CNC). Linaweza kutoa onyo, kusimamisha chombo au kukifungia. Machi 2019 lilifuta kibali cha BBC, ambayo iliruhusiwa tena mwaka 2022.

Je, usimamizi unahitajika?
Ndiyo. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilichochea mauaji ya kimbari, na mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani baadhi ya waanzilishi wake. Lakini kuzuia uchochezi si sawa na kuzuia maswali.

Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema nini?
Sheria ya Juni 2013 ilizuia, kwa mfano, habari zinazogusa uthabiti wa sarafu, na katika mambo kadhaa iliwalazimisha waandishi kumtaja aliyewapa habari. Chama cha waandishi wa Burundi kilishtaki. Tarehe 15 Mei 2015 mahakama iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Uamuzi huo unakuhusu na wewe unayemweleza mwandishi ulichokiona.

Nini kilitokea siku hizo hizo?
Tarehe 13 na 14 Mei, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na pia Rema FM, iliyo karibu na chama tawala, zilishambuliwa na kunyamaza. Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016 tu. Katika miezi ile, watu wengi walibaki na simu na uvumi.

Ufanye nini ukipokea habari ya kutisha?
- Usisambaze ujumbe wa sauti usio na tarehe, mahali wala chanzo.
- Linganisha vyombo viwili au zaidi vyenye misimamo tofauti.
- Mpigie mtu unayemwamini aliye mahali panapotajwa.
- Kuhusu usajili, mgao au kurudi nyumbani, uliza ofisi ya UNHCR.
- Chombo kikikusema uongo, dai nafasi ya kujibu.